Mkaguzi anaulizia stakabadhi namba 4118, na mimi najua haijawahi kuwepo. Namwelezaje?

Kijana wa Chikongola (mleta mada)

Wakuu salaam. Nipo Mtwara mjini, natunza mfumo wa mapokezi ya korosho wa chama cha msingi kimoja, jina naliweka kapuni. Mfumo wenyewe ni wa kawaida tu: kurasa za PHP, kanzidata ya MySQL, kompyuta mpakato moja ndiyo seva, na makarani wawili watatu pale ghalani. Mkulima akileta mzigo unapimwa, karani anaingiza jina, kilo na daraja, anabonyeza Hifadhi, stakabadhi inatoka kwenye printa. Aliyeutengeneza aliifanya namba ya stakabadhi kuwa ileile namba ya rekodi kwenye jedwali, inayojiongeza yenyewe (AUTO_INCREMENT).

Sasa mkaguzi kaja. Kapanga nakala mezani moja baada ya nyingine: 4115, 4116, 4117, 4119. Akanyanyua macho. "4118 iko wapi?" Kaendelea, kakuta nyingine kadhaa hazipo, halafu kuna mahali namba zimetoka 4612 zikaangukia 5213. Kwa hesabu yake hapo kuna korosho zimekwenda kangomba, yaani zimeuzwa nje ya mfumo rasmi, na stakabadhi zikafutwa. Katibu naye siku hizi ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Kilo za kwenye daftari la mizani na kilo za kwenye mfumo zinalingana, na mzigo wa ghalani upo. Lakini hakuna anayesikiliza kilo, wote wanasikiliza namba. Mimi najua namba hizo hazikuwahi kuwa stakabadhi ya mtu yeyote. Kumwelewesha mtu ambaye si wa kompyuta ndiko kunanishinda. Na je, kuna namna ya kuzuia zisiruke?

---

Ming'oko

4118 nimeiona asubuhi inapanda pantoni kwenda Msanga Mkuu. Jioni itarudi.

---

Fundi Kanzidata

Mkuu, hiyo ni tabia ya kanzidata karibu zote, na imewekwa makusudi. Mfuatishe mkaguzi wako sekunde kwa sekunde.

Karani wa meza ya kwanza anabonyeza Hifadhi. Kanzidata inafungua muamala (kazi inayofaulu yote au kughairiwa yote), inampa 4118, inaandika stakabadhi kwanza, kisha kilo kwenye jedwali lake. Wakati huohuo wa meza ya pili naye kabonyeza, kapewa 4119, kamaliza, printa yake inalia. Huku meza ya kwanza karani kaandika namba ya simu kwenye nafasi ya kilo, au waya wa mtandao umechomoka. Jedwali la kilo linakataa, muamala unaghairiwa, na yote yaliyokuwa yameandikwa yanafutika. Karani anasahihisha, anabonyeza tena, anapewa 4120.

Je, 4118 ingerudishwa kwa nani? 4119 ipo tayari mfukoni mwa mkulima. Ili isipotee ingebidi meza ya pili isubiri ya kwanza imalize kabisa ndipo ipewe namba, na ya tatu isubiri ya pili. Waliotengeneza MySQL, PostgreSQL, Oracle na SQL Server wote walichagua watu wasisubiriane: namba ikishachotwa haigeuki nyuma, muamala ufaulu au usifaulu. Ni kama namba za foleni hospitalini. Mwenye 18 akichoka akaenda zake, wa 19 hageuki kuwa 18. Mwongozo wa PostgreSQL unasema wazi kwamba namba zao za mfululizo hazifai kwa mtu anayetaka mfuatano usio na pengo.

SQL Server ndiyo inatisha zaidi. Tangu toleo la 2012 huchota namba 1000 kwa mkupuo na kuziweka kwenye kumbukumbu, kwa safu ya aina ya INT (namba kamili). Seva ikizimika ghafla, mkupuo uliobaki umekwenda. Unalala na 312, unaamka na 1001.

Ila 4612 hadi 5213 si karani kukosea. Hapo katikati zimepotea namba 600 kamili. Una vifaa vinavyotuma data kutoka nje?

---

Kijana wa Chikongola

Ndiyo, vishikwambi viwili vya vijijini. Vinarekodi mchana, vikipata mtandao jioni vinamwaga data kwenye seva. Nimefungua faili ya programu, wametumia INSERT ... ON DUPLICATE KEY UPDATE.

---

Fundi Kanzidata

Mwizi wako huyo hapo. Amri hiyo inasema: ingiza rekodi, na kama ipo tayari, ihuishe tu. Lakini InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, huchukua namba mpya kwanza, ndipo inagundua kwamba rekodi ipo. Rekodi haiongezeki, namba inaungua. Kishikwambi chenye rekodi 60 kikituma, mtandao ukakata kabla hakijapata jibu, kinarudia zote 60. Kikirudia mara kumi, hizo 600 zako zimekwisha bila gramu moja ya korosho kuingia.

---

Mhasibu Mstaafu

Vijana, nimesoma maelezo yenu na nimeyaelewa. Bado nasema mkaguzi yupo sahihi.

Sisi tulifanya kazi na vitabu vya stakabadhi vilivyochapwa namba kiwandani. Kila namba na nakala zake za kaboni. Ukikosea hukuruhusiwa kuchana. Uliandika BATILI kubwa juu ya nakala zote, ukazibana palepale kitabuni, ya mkulima ikiwemo. Kitabu kikirudi ofisini mtu anahesabu kurasa kabla hajahesabu fedha. Mwizi wa stakabadhi hakuwahi kujulikana kwa kilo, maana kilo aliziweka sawa kabla hajaiba. Alijulikana kwa namba iliyokosekana. Hiyo ndiyo sababu mkaguzi hasikilizi kilo zako, na wewe kijana usimwone mkaidi.

Mashine inataka kitu kimoja tu, kwamba rekodi mbili zisifanane namba. Mkaguzi anataka kitu kingine, kwamba hakuna iliyopotea bila maelezo. Hizo ni kazi mbili, na aliyetengeneza mfumo wenu amezibebesha namba moja. Namba ya mashine iacheni iruke itakavyo, tena isichapwe popote. Ya kwenye karatasi itafutieni utaratibu wake.

---

Kijana wa Chikongola

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa. Sasa huo utaratibu wa ya kwenye karatasi ndio upi?

---

Likonde

Rahisi. Chukua namba kubwa iliyopo, jumlisha moja. SELECT MAX(namba)+1. Mimi miaka yote natumia hiyo, duka la vifaa vya ujenzi, haijawahi kuruka.

---

Fundi Kanzidata

Haijaruka kwa sababu dukani upo peke yako, kaka. Weka makarani wawili. Wote wanauliza kubwa ni ipi, wote wanajibiwa 4117, wote wanaandika 4118. Kama safu imewekewa sharti la kutofanana, mmoja anapigwa kosa usoni mkulima akiwa amesimama mbele yake. Kama haikuwekewa, una wakulima wawili na stakabadhi moja, na siku ya malipo mtanitafuta.

Halafu ukifuta rekodi ya mwisho, namba yake anapewa anayefuata. Pengo linaelezeka. Namba moja yenye historia mbili haielezeki.

---

Binti Nachingwea

Hilo la mwisho nimelishuhudia kwa macho, tena bila hiyo MAX ya Likonde.

Huku Lindi kwenye ufuta kulikuwa na mfumo mmoja kwenye MySQL 5.7. Kwenye matoleo hayo InnoDB ilikuwa inashika hesabu ya namba kwenye kumbukumbu tu, si kwenye diski. Ikiwashwa upya inatazama namba kubwa iliyomo kwenye jedwali na kuendelea hapo. Jioni karani kafuta stakabadhi ya mwisho kwa sababu mzee fulani alitaka mzigo wake upimwe upya kesho, ila karatasi hakumnyang'anya. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi seva ikawaka, ikaona namba ile haipo, ikampa mama mwingine kabisa. Wiki mbili baadaye mzee yupo dirishani na karatasi halali yenye muhuri, mfumo unasoma jina la mama. Mzee hakuwa mwongo, mama hakuwa mwongo. Hayo makelele msiombe.

Kuanzia MySQL 8.0 hesabu inaandikwa kwenye diski, haisahau. Lakini SQLite, kanzidata ndogo iliyomo kwenye vishikwambi, ina tabia ileile. Ukiweka INTEGER PRIMARY KEY peke yake, namba ya rekodi ya mwisho iliyofutwa inaweza kutolewa tena. Lazima uongeze neno AUTOINCREMENT ndipo isirudie. Kijana kaangalie vishikwambi vyako leo.

Na kwa vijijini usithubutu kuomba namba kutoka seva ya mbali. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilituachia barabara imekatika Somanga, siku chache baadaye mikongo ya baharini ikakatika na mtandao ukazorota nchi nzima. Mfumo unaosubiri Dar iupe namba ungezungusha kile kiduara mpaka mkulima abebe gunia lake arudi nalo nyumbani.

Sisi sasa kila kishikwambi ni kituo chenye alama yake na hesabu yake: msimu, alama ya kituo, kisha namba. K03 haimjui K04 na haina haja. Kwa ndani kila rekodi ina UUID, namba ndefu ya kipekee inayotengenezwa na kifaa chenyewe, toleo la 7, lile lililoingizwa kwenye kiwango cha RFC 9562 mwaka 2024. Zinaanza na muda, kwa hiyo zinajipanga zenyewe kwa kufuatana na hazivurugi faharasa ya jedwali kama zile za kubahatisha za toleo la 4. Data zikikutana kwenye seva hakuna zinazogongana. Kishikwambi kikitumbukia mtoni, nakala za karatasi za kituo hicho zinatosha kujua ni namba zipi hazijafika.

---

Mzee wa Mizani

Binti yangu, hiyo UUID nimeiona mahali, ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari vyake. Mkulima wa Kitangari atanisomeaje hiyo kwenye simu, na miwani kaiacha shamba?

---

Binti Nachingwea

Marahaba nyingi babu, lakini hiyo haichapwi. Mkulima anaona K03 na 412 basi. Ile ndefu wanaambiana mashine kwa mashine.

---

Ming'oko

Binti, "marahaba" anasema babu. Wewe ulitakiwa useme shikamoo.

---

Binti Nachingwea

Haya shikamoo babu, na wewe Ming'oko kachemshwe.

---

Fundi Kanzidata

Kijana, kwa pale ghalani ambako makarani wote wapo kwenye seva moja, fanya hivi. Tengeneza jedwali dogo liite kaunta: safu ya kituo, ya msimu, na ya_mwisho. Kisha:

START TRANSACTION;
UPDATE kaunta SET ya_mwisho = ya_mwisho + 1
 WHERE kituo = 'GH1' AND msimu = 2025;
SELECT ya_mwisho FROM kaunta
 WHERE kituo = 'GH1' AND msimu = 2025;
INSERT INTO stakabadhi ( ... );
COMMIT;

Ile UPDATE inafunga mstari wa GH1. Karani wa pili akija anasubiri mlangoni mpaka wa kwanza amalize. Wa kwanza akifeli, muamala wote unaghairiwa na kaunta inarudi ilipokuwa, namba haipotei. Ndiyo kule kusubiriana nilikosema kanzidata zinakukwepa, ila kwa makarani watatu ni nukta ya sekunde na hakuna atakayehisi. Ungekuwa na miamala maelfu kwa sekunde ningekukataza.

Usiweke printa ndani ya muamala. Karatasi ikikwama, ghala zima litasimama likisubiri karatasi. Hifadhi kwanza, COMMIT (thibitisha muamala), ndipo uchape, na ikichapwa mara ya pili iandikwe NAKALA. Namba itolewe data zikiwa zimeshakaguliwa, si karani anapofungua fomu. Kuna mifumo inatoa namba fomu ikifunguliwa tu, karani akienda kunywa chai tayari una pengo. Na weka sharti la kutofanana kwenye msimu, kituo na namba kwa pamoja, hata kama unaamini kaunta.

Kufuta ondoa kabisa, hata kwenye akaunti ya katibu. Weka safu ya hali: HALALI au BATILI, na aliyebatilisha, lini, kwa nini. Mzee mhasibu hapo juu kashasema, mimi naongeza tu kwamba haki ya DELETE inaweza kuondolewa ndani ya kanzidata yenyewe, usitegemee kuficha kitufe.

---

Dada wa Takwimu

Naomba niingize la pembeni kidogo, maana hamjaligusa. Namba ya mfululizo inayochapwa inasema mambo mengi kwa asiyehusika.

Vita vya Pili vya Dunia, Washirika walitaka kujua Wajerumani wanaunda vifaru vingapi kwa mwezi. Majasusi walisema 1550 kwa Agosti 1942. Wanatakwimu wakachukua namba za mfululizo zilizogongwa kwenye vipuri vya vifaru vilivyotekwa, wakapiga hesabu, wakasema 327. Vita vilipokwisha kumbukumbu za Wajerumani zilionyesha 342.

Hesabu yenyewe ni nyepesi mno: namba kubwa uliyoiona, jumlisha hiyo kubwa ukigawanya kwa idadi ya ulizoziona, toa moja. Mnunuzi akikaa kijiweni akaona stakabadhi tano za ghala lako, kubwa ikiwa 640, anapiga 640 + 128 − 1, anapata 767. Kashajua kwa kukadiria ni mizigo mingapi imepokelewa, kabla ya mnada. Kama hilo ni siri au si siri, chama kiamue, lakini kiamue kikijua.

Lililo baya kuliko hilo ni la mtandaoni. Kama mkulima anaangalia stakabadhi yake kwa anwani inayoishia id=4117, mwanawe wa kidato cha pili ataandika 4116 aone ya jirani: jina, kilo, pengine na akaunti ya benki. Dawa ni seva kukagua kila mara kwamba anayeuliza ndiye mwenye rekodi. Kuweka namba isiyokisika kwenye anwani kunasaidia, ila hakuchukui nafasi ya ukaguzi huo.

---

Likonde

Sawa, hayo ni ya mbele. Kwa sasa hivi kijana si aingize tu rekodi 4118, kilo sifuri, aandike BATILI, na zile 600 vilevile kwa kitanzi kidogo cha programu? Mkaguzi anataka namba, apewe namba. Yaishe.

---

Mhasibu Mstaafu

Bwana Likonde, hapo unampeleka mtoto wa watu pabaya. Leo ana pengo lenye maelezo ya kweli. Akifanya hivyo atakuwa na rekodi 600 za kughushi zenye tarehe ya leo. Mkaguzi akiuliza nani alizibatilisha na mkulima alikuwa nani, utajibu wewe?

Kijana, sikiliza. Acha namba zilivyo. Linganisha daftari la mizani na stakabadhi, mzigo kwa mzigo, siku kwa siku, si jumla kwa jumla kama ulivyosema mwanzo. Jumla inaweza kulingana kwa makosa mawili yanayofutana. Kila mzigo wa daftarini uwe na stakabadhi yake, na kila stakabadhi na mzigo wake. Kisha maelezo ya maandishi kwa kila pengo, yasainiwe na karani, katibu na wewe.

---

Kijana wa Chikongola

Nimeanza, mzee. Na nimepata kitu: faili ya makosa ya programu ina kosa la saa 4:12 asubuhi, siku ileile, kilo zenye tarakimu kumi zimekataliwa. Rekodi ya 4117 ni saa 4:11, ya 4119 ni saa 4:12. Nimemwonyesha mkaguzi, kanyamaza, kaandika. Zile mojamoja nyingine pia zimepata makosa yake. Sasa kabaki na zile 600. Anasema hilo la kishikwambi ni maneno yangu, hawezi kuandika maneno yangu kwenye ripoti.

Swali dogo pia: namba zikiwa zinaungua hivi, zitafika mwisho lini?

---

Fundi Kanzidata

Safu ya INT inaishia 2,147,483,647. Kwa korosho za chama kimoja hufiki, hata vishikwambi vikiungua usiku kucha. Lakini huo ukuta wapo walioufikia: Basecamp, kampuni ya programu ya Marekani, Novemba 2018, jedwali lao moja liligonga namba hiyohiyo na huduma ikabaki ya kusoma tu kwa saa kadhaa. Angalia tu kwamba aliyetengeneza mfumo hakutumia SMALLINT, ile ya kawaida inaishia 32,767 na hiyo utaifikia. Ukiwa unabadilisha, weka BIGINT uachane na habari hizo.

Kuhusu zile 600, usimweleze tena, mwonyeshe. Chukua nakala ya kanzidata, iweke kwenye kompyuta nyingine, kamwe si ile ya ghalani. Mkaguzi akiwa ameketi hapo, hesabu rekodi pamoja naye na aandike idadi. Tuma data za kishikwambi kwa mara ya pili, zilezile ambazo zipo tayari. Hesabu tena: idadi ileile. Kisha mwonyeshe namba inayofuata. Rudia mara ya tatu, umwache abonyeze yeye.

Ila namba inayofuata uisome kwa SHOW CREATE TABLE. Ukitumia SHOW TABLE STATUS, MySQL 8 huhifadhi takwimu hizo hadi saa 24 kabla ya kuzihuisha, itakuonyesha namba ya jana na mkaguzi ataona hakuna kilichobadilika.